Silsila ya Wapokezi: Kuitafuta Historia ya Ugogo kutoka Majengo

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii humfaa mwenye kuonya, lakini humponza mwenye kuandika historia. Kwake yeye lisemwalo huenda halipo, halikuwapo wala haliji. Na wajibu wake wa kwanza ni kuuliza ni nani aliyelisema, alilipokea kwa nani, na alilisema kwa haja gani. Watu wa pwani hawakuwa wageni wa maswali haya. Madarasa yao yalifunza tangu zamani kwamba hadithi haipimwi kwa uzuri wa matini yake tu, bali pia kwa silsila ya wapokezi wake. Na mshairi wa zamani aghalabu alilitia jina lake na tarehe yake katika beti za mwisho ili msomaji ajue neno limetoka kinywani mwa nani.

Elimu hiyo ya kale inahitajika leo mbali na bahari, katika nyanda kame za kati ya Tanzania. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa, na katika mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikafungua milango yake katika mji uleule. Vijana wengi wakamiminika, wakapanga vyumba katika mitaa ya zamani, Majengo ikiwa mmojawapo, karibu na soko linalochukua jina la mtaa huo. Haupiti muda mwanafunzi wa namna hii ataagizwa kuandika kazi ya utafiti, na mwalimu atamtaka aanze na usuli: mji huu umetoka wapi, watu wake ni akina nani, na yaliyowapata ni yapi. Hapo ndipo taabu inapoanza.

Taabu ya kwanza ni jina lenyewe. Akiandika neno Majengo katika mtambo wa kutafutia habari, ataletewa Majengo ya Mombasa, ya Moshi, na zaidi ya zote Majengo ya Pumwani, Nairobi, mtaa uliofanyiwa utafiti na wataalamu mashuhuri na kuandikiwa vitabu. Mwenye haraka atachota humo sifa za Pumwani na kuzimimina Dodoma, kwa hoja kwamba jina ni moja na watu ni Waswahili. Lakini Nairobi ilikuwa mji wa walowezi na sheria zake, na Dodoma ni mji ulioinuka kwa reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, na kukoma Kigoma mwaka 1914. Jina lililozagaa katika miji mingi lasema tu kwamba watu walijenga. Halisemi ni nani aliyejenga, lini, wala kwa idhini ya nani.

Taabu ya pili ni utamu wa visa. Kila mkaazi wa Dodoma anajua asili ya jina la mji. Wengine husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji akazama katika tope, na waliomwona wakasema kwa Kigogo kwamba amedidimia. Wengine husimulia kwamba Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakaichomeka mikia katika kinamasi. Wenye mali walipokuja kudai, wakaoneshwa mikia na kuambiwa kuwa ng'ombe wamezama. Mwanafunzi hupenda kukichagua kimoja na kukiandika kama tukio lililoshuhudiwa. Mtafiti makini hafanyi hivyo. Huviandika vyote viwili, akataja kuwa ni masimulizi, kisha akatazama vinapokutana. Navyo vinakutana mahali pawili: katika kitenzi cha Kigogo chenye maana ya kuzama, na katika ardhi yenye tope na maji. Wasimulizi waliohitilafiana juu ya mnyama wamekubaliana juu ya kinamasi. Katika nchi kavu kama ile, mahali penye maji yaliyotuama ni habari kubwa kuliko tembo.

Akitoka kwenye visa, mwanafunzi atakutana na vitabu vya wasafiri, navyo vina heba ya uzee. Burton na Speke walipita Ugogo katika safari yao ya miaka ya 1857 hadi 1859. Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Vitabu vyao vimejaa malalamiko juu ya hongo, yaani ushuru uliotozwa misafara na watemi wa nchi. Kwa kalamu zao Mgogo ni mlafi, mgomvi, mwenye kuuza hata maji. Mwanafunzi akinukuu maneno hayo bila kuyahoji, amekubali kumweka mlipaji awe hakimu wa mtozaji. Ugogo ni nchi ya mvua chache na za msimu mmoja. Visima vilichimbwa kwa jasho, na msafara wa mamia ya watu waliokaa siku kadhaa ulikunywa maji na kununua nafaka ambazo zingewafikisha wenyeji mavunoni. Kile ambacho msafiri alikiita unyang'anyi, mwenye kisima alikiona kuwa haki ya nchi yake. Wasafiri hawakusema uongo kwamba walitozwa. Ila walisimama upande mmoja wa mizani.

Hapa pwani ina amana yake ya kutoa. Misafara ile ilifadhiliwa Unguja na kuanzia safari Bagamoyo, na baadhi ya waliokwenda nayo waliandika kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe, na Heinrich Brode akayachapisha miaka ya 1902 na 1903. Carl Velten alikusanya na kuchapisha safari za Waswahili mwaka 1901. Humo mwanafunzi wa Dodoma atasikia lugha yake mwenyewe ikiizungumzia bara, bila ya mfasiri kati yao. Hata hivyo naye asighafilike: Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na machoni pa mfanyabiashara nchi huwa ni njia, bei na usalama wa mzigo. Kwa kutaka kuyajua ya Ugogo, kijana wa Majengo anaweza kujikuta ana haja ya kuvuka bahari hadi Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, Unguja. Kwani historia ya nchi haiwekwi daima katika nchi hiyo.

Shahidi wa tatu ni serikali. Watawala wa Kiingereza waliandika vitabu vya wilaya na taarifa za kila mwaka, na nyingi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Karatasi hizi zina tarehe, sahihi na tarakimu, na tarakimu humtia mtu ulevi wa uhakika. Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyowashukia kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Vikuu vya Kwanza vilipita juu ya Ugogo. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Majeshi ya Waingereza yalipoitwaa Dodoma mwezi Julai 1916, nayo yakachukua. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu, na vijana wa kulima hawakuwapo. Ikafuata na homa kali iliyoenea duniani mwaka 1918. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi husema kwamba watu kama 30,000 walikufa, katika watu wapatao 150,000.

Mwanafunzi ataikuta hesabu hiyo katika kitabu kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, naye atasema kuwa ana mashahidi watatu. Penye wengi hapaharibiki neno, atajipa moyo. Lakini akizifuata tanbihi nyuma, kitabu hadi kitabu, huenda akaona mito yote inatoka chemchemi moja: kisio la watawala wa zama zile, ambao hawakuwa na daftari la vizazi na vifo, na ambao serikali yao wenyewe ilikuwa mojawapo wa waliozikausha ghala. Haifuati kwamba hesabu ni ya uongo. Inafuata kwamba ni kisio, na inapasa kuandikwa kama kisio. Wapokezi kumi waliosikia kwa mtu mmoja ni mpokezi mmoja.

Shahidi wa nne atawashangaza wapenzi wa ushairi, kwani wanamjua kwa sura nyingine. Mathias Mnyampala, mwenye diwani na ngonjera, aliyekuwa nguzo ya chama cha UKUTA, alikuwa Mgogo. Alizaliwa mwaka 1917 karibu na Dodoma, mwaka uleule ambao Mtunya ilianza, na akafariki mwaka 1969. Mwaka 1954 East African Literature Bureau ilichapisha kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mtu wa bara aliyetunga kwa bahari za pwani aliandika pia kwa Kiswahili yale aliyoyapokea kwa wazee wake: koo zilivyotoka Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko, zikachanganyika hata zikawa kabila moja. Mwaka 1995 mwanahistoria Gregory Maddox alikitoa kitabu hicho kwa Kiingereza, wasomi wa ng'ambo wakakipata kwa wepesi, huku vijana wengi wa Dodoma wakiwa hawajaiona nakala yake ya Kiswahili.

Je, Mnyampala aaminiwe kwa kuwa ni mwenyeji? Aaminiwe kwa kadiri ya silsila yake, kama wengine. Alikuwa mtumishi katika utawala wa wakoloni, karani na kisha liwali, na zama zile serikali ilipenda kila watu wawe na kabila lenye mipaka na mtemi anayejulikana. Alikuwa pia mpenda umoja wa taifa na lugha yake. Mambo hayo yanamfanya shahidi mwenye mahali pa kusimama, na hayo si makosa. Aliwasikia wazee ambao Burton hakuweza kuwauliza na ambao mtafiti wa leo hawezi kuwafufua. Baada yake Ernest Kongola, mwalimu mstaafu, aliandika historia za ukoo wake na za jirani zake, kwa Kiswahili, akakusanya nasaba na kumbukumbu za familia. Mwaka 2006 Maddox alichapisha pamoja naye kitabu juu ya kazi hiyo. Hivyo ukoo wenyewe umeingia katika orodha ya mashahidi kwa maandishi yake.

Faida ya taabu yote hii ni zaidi ya alama za chuo. Kwa miaka mingi Wagogo wamekejeliwa mijini kwa jina la ombaomba, na mwenye kukejeli hudhani anaeleza tabia. Mwanafunzi aliyeishia kwa wasafiri ataikuta kejeli hiyo ikiwa na mavazi ya kitabu, akaandika kwamba watu hawa wamezoea kudai. Aliyewasikiliza mashahidi wote ataandika jambo jingine: kwamba hawa walikuwa wenye visima na ng'ombe, misafara ikawalipa, kisha majeshi mawili yakazitwaa ghala zao katika muda wa miaka michache, mvua ikawanyima, na waliosalia wakatoka kwenda kutafuta chakula. Njia moja huzaa dharau na nyingine huzaa maarifa, na zote mbili zinaweza kujaa tanbihi.

Mwisho wa kazi, atakaporudi Majengo na karatasi zake, mwanafunzi atakuwa bado hajamuuliza mtu wa karibu kuliko wote: bibi anayeuza karanga mlangoni mwa soko, ambaye huenda mama yake alizaliwa katika miaka ya Mtunya. Amwamkie kwanza, aombe ruhusa, aandike jina la aliyemsimulia bibi huyo, na aliyemsimulia huyo naye. Kisha ayaweke maneno hayo kando ya kitabu cha wilaya, wala asilitangulize lolote kabla ya kuyapima. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kupokea bila kumjua mpokezi.