Upepo umepita: miti inasema nini?

Kisha mvua ya radi kubomoa nyumba, wengi wanasema: «Ni kimbunga.» Lakini kuko upepo wa aina mbili. Mmoja unazunguka, ni kisulisuli. Mwingine unashuka kwa nguvu kutoka wingu la radi, unagonga chini, kisha unasambaa ukienda moja kwa moja. Huu nao unaweza kung'oa paa na miti.

Wapimaji wanaangalia vilivyoanguka vimelalia upande gani. Miti ikilala upande mmoja, ao ikitawanyika kama vidole vya mkono, ni upepo wa kushuka. Ikilala kwa kuelekeana, ndani ya njia nyembamba, ni dalili ya kisulisuli.

Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chicago, njo alieleza tofauti hiyo. Mwaka 1945 alichunguza alama za bomu kule Nagasaki. Mwaka 1974, akiwa ndani ya ndege huko Marekani, aliona miti imetawanyika vilevile.

Toka 2007, Marekani inapanga visulisuli kutoka EF0 mpaka EF5. Kasi inakadiriwa kufuatana na kilichobomoka na namna kilivyojengwa. Paa yenye misumari kidogo inang'oka hata kwa upepo mdogo. Kulaumu kimbunga peke yake hakumsaidii anayejenga tena.

Basi, mbele ya kukata miti na kuokota mabati, piga picha, andika saa, onyesha upande vilivyolalia. Ukisha kusafisha, ushahidi umekwenda.