Eksirei na mionzi: mambo ya kujua kabla ya kupigwa picha

Umeitwa kupigwa picha ya kifua, na jirani amekwambia mashine hiyo inaleta saratani, inaharibu mimba au inamaliza nguvu za uzazi. Swali lako ni la haki. Wapo wanaokosa miadi kwa sababu ya hofu hii, na wapo wajawazito wanaoficha hali yao wasije wakachelewesha faili la familia. Soma maelezo haya kabla ya kuamua.

Mionzi ya eksirei ni nini?

Ni miale isiyoonekana kwa macho, iliyogunduliwa mwaka 1895 na mwanasayansi Mjerumani Wilhelm Röntgen. Hupenya sehemu laini za mwili na kuzuiwa zaidi na mifupa, ndiyo maana mifupa huonekana myeupe kwenye picha. Mashine hutoa mionzi pale tu mhudumu anapobonyeza kitufe, kwa muda usiofika sekunde moja. Baada ya hapo mionzi imekwisha. Haibaki mwilini wala kwenye nguo, na huwezi kumpelekea mtoto uliyemwacha nyumbani. Mama anayenyonyesha anaweza kunyonyesha mara tu anapotoka chumbani.

Ni mingi kiasi gani?

Kila mtu hupata mionzi kidogo kila siku kutoka ardhini, kwenye miamba, kwenye chakula na angani. Wataalamu huipima kwa milisiverti. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata takriban milisiverti 2.4 kwa mwaka bila kukanyaga hospitali. Linganisha:

- Eksirei ya kifua: takriban 0.1 au pungufu. Ni kama wiki mbili za maisha ya kawaida, au chini ya hapo.
- Kipimo cha CT cha kichwa: takriban 2. Ni kama miezi kumi.
- Kipimo cha CT cha tumbo: takriban 8 hadi 10. Ni kama miaka mitatu hadi minne.
- Altrasaundi na MRI: hazitumii mionzi ya aina hii. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku.

Je, inaweza kuniletea saratani?

Mionzi mingi inaweza kuongeza uwezekano wa saratani miaka mingi baadaye. Kwa kipimo cha milisiverti 10, wataalamu hukadiria nyongeza ya takriban mtu 1 kati ya 2,000 anayeweza kufa kwa saratani katika maisha yake yote. Picha moja ya kifua ni chini ya hapo mara mia moja. Kwa hiyo ukishauriwa kipimo cha CT, hasa kwa mtoto, ni sahihi kuuliza kama kuna njia nyingine. Lakini ukiwa umepata ajali na kuumia kichwa, kukosa kipimo hicho kunaweza kuwa hatari zaidi kuliko mionzi yake.

Kama ni salama, mbona mhudumu anatoka chumbani?

Wewe unapigwa picha moja. Yeye hupiga picha za watu wengi kila siku, mwaka mzima. Akibaki ndani kila mara, kidogo kidogo kitajaza kibaba.

Nina ujauzito. Nifanye nini?

Sema kabla ya kuingia chumbani, hata kama huna uhakika na umekosa hedhi tu. Katika picha ya kifua, miale huelekezwa kifuani, na inayofika tumboni ni kidogo mno, chini sana ya kiwango kinachojulikana kumdhuru mtoto. Hata hivyo, una haki ya kuelezwa na kuridhia kwanza, na kufunikwa tumbo kwa aproni ya risasi, yaani madini mazito yanayozuia miale. Muulize daktari pia kama picha inaweza kusubiri hadi ujifungue, na kusubiri huko kutaathiri vipi safari yenu. Kama umeshapigwa picha bila kujua kuwa una mimba, usiitoe kwa hofu. Nenda kliniki ya wajawazito ukaeleze.

Kwa nini wanaoomba makazi katika nchi ya tatu hupigwa picha hii?

Kutafuta dalili za kifua kikuu. Kwa wanaokwenda Marekani, picha huhitajika kuanzia umri wa miaka 15. Kwa Kanada na Australia, kuanzia miaka 11. Picha ikionyesha doa, utaombwa makohozi, na majibu ya kuotesha vimelea yanaweza kuchukua hadi wiki nane. Ukikutwa na ugonjwa, utatibiwa kwanza. Safari huchelewa, lakini ugonjwa wenyewe haufuti faili lako. Kifua kikuu cha kawaida hupona kwa dawa za takriban miezi sita. Kisipotibiwa, huambukiza wale unaolala nao nyumba moja. Ukikataa picha, uchunguzi wako wa afya unaweza kubaki haujakamilika.

Picha ya kifua haipimi virusi vya UKIMWI, wala haimalizi nguvu za uzazi.

Siku ya miadi

1. Vua mkufu, hirizi yenye chuma na sidiria yenye vyuma. Vitu hivi huficha sehemu ya picha, na picha ikirudiwa mionzi huongezeka.
2. Vuta pumzi na utulie unapoambiwa. Ukitikisika, picha huharibika.
3. Ukienda hospitali kwa matibabu mengine, beba picha zako za zamani. Daktari anaweza kuzitumia badala ya kupiga nyingine.
4. Uliza: "Picha hii ni ya nini? Kuna kipimo kisicho na mionzi? Nimepigwa nyingine hivi karibuni, je, hii inahitajika?"
5. Kama huelewi lugha, omba mkalimani.

Uchunguzi wa afya kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure kwa mkimbizi. Mtu akikuomba pesa ili "akupitishe" bila picha, au akikuuzia cheti, anakutapeli. Mtoe taarifa kwenye dawati la malalamiko la kambi au makazi yako, na uhudhurie miadi yako kama ilivyopangwa.