Haki ya Mwenye Skrini ya Kijivu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilitumia kompyuta ya ofisi ambayo skrini yake haikuonyesha rangi, ila kijivu tu. Siku moja nililetewa orodha ya vibarua: majina ya waliokwisha kulipwa yalikuwa ya kijani kilichokolea, ya wanaodai yalikuwa mekundu. Kwangu yote yalikuwa kijivu kimoja. Niliandika kwamba wote wamelipwa. Waliodai walingoja mwezi mzima.

Kijivu kile kina historia. Mwaka 1950 tume ya mawasiliano ya Marekani iliidhinisha mfumo wa televisheni ya rangi wa kampuni ya CBS, ambao televisheni za nyeusi na nyeupe zilizokuwamo majumbani hazikuweza kuupokea. Desemba 1953 tume hiyohiyo ilibadili uamuzi, ikaukubali mfumo wa NTSC, uliotenganisha mwangaza wa picha na rangi zake. Mwenye chombo cha zamani hakuachwa gizani. Mwangaza huo ulikokotolewa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huhisi kijani zaidi: asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu.

Kampuni ya IBM ilipotoa mfumo wa VGA mwaka 1987, iliirithi kanuni hiyo. Skrini isiyo na rangi ilipokea mawimbi ya kijani peke yake. Bila marekebisho, maandishi mekundu yangetoweka kabisa. Kwa hiyo programu ya msingi ya kompyuta ilijumlisha rangi tatu kwa uwiano ule, ikatoa viwango 64 vya kijivu.

Hata hivyo, hesabu ya haki si lazima izae matokeo ya haki. Nyekundu kamili hupata 30 katika mia. Kijani cha nusu ya nguvu yake nacho hupata karibu 30. Hapo ndipo vibarua wale walipopotelea.

Waliounda mfumo walimkumbuka mwenye chombo duni. Aliyetayarisha orodha alimsahau, nami niliyeisoma sikuuliza. Basi ndugu mtumishi wa umma, unapoandaa fomu au taarifa, usiiachie rangi kazi ya neno. Palipo na deni, andika “deni”. Wapo watakaoisoma kwa nakala iliyofifia, na wapo ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Nao ni raia.