Injini nafuu za baiskeli: Kwa nini huharibika mapema

BAISKELI ya kawaida inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha moto kwa gharama ya kati ya dola za Marekani 100 na 200. Kwa fedha hizo mnunuzi hupata kasha lenye injini ndogo ya petroli iliyotengenezwa China, pamoja na tangi, kabureta, cheni, sproketi, nyaya na bolti, kisha huvifunga mwenyewe kwenye fremu ya baiskeli yake.

Nchini Marekani, miongoni mwa wanunuzi wa vifaa hivyo wamo watu wasiomudu gari, ambao huvitegemea kufika kazini. Kwao injini ikifa njiani, hasara si ya chombo tu, bali ni ya siku ya kazi. Hata hivyo, sifa ya injini hizo haitabiriki: moja hudumu miaka, na nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu hufa kabla mwenyewe hajaizoea.

Tofauti hiyo si ya bahati nasibu. Mara nyingi chanzo chake ni vitu vidogo vya gharama ndogo, kama vile bolti, gasketi na beringi, pamoja na namna vilivyofungwa. Anayenunua kasha hilo huwa amenunua pia sehemu ya mwisho ya kazi ya kiwanda, yaani ukaguzi.

Injini yenyewe

Injini iliyo maarufu zaidi katika kundi hili ina silinda moja, hupozwa kwa upepo na ni ya mipigo miwili. Hutangazwa kuwa ni ya cc 80. Lakini silinda yake kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 47, na pistoni husafiri milimita 38 juu na chini. Ukokotoaji mwepesi unaonesha kuwa ujazo wake halisi ni cc 66 hivi. Ipo pia yenye silinda ya milimita 40, ambayo ujazo wake ni cc 48.

Injini hii haina gia za kubadilisha. Ndani yake mzunguko hupunguzwa mara 4.1, kisha sproketi ndogo yenye meno 10 huvuta ile ya gurudumu la nyuma yenye meno 44, hivyo kupunguza tena mara 4.4. Maana yake ni kwamba gurudumu likizunguka mara moja, krenki huwa imezunguka mara 18.

Kwa baiskeli ya magurudumu ya inchi 26, mwendo wa kilomita 40 kwa saa huilazimisha krenki kuzunguka takribani mara 5,800 kwa dakika. Mpandaji akitaka kufika kilomita 50, mizunguko hiyo hupita 7,200. Kwa kuwa hakuna gia ya kuipunguzia injini mzigo, kila kilomita inayoongezwa kwenye mwendo hulipwa na beringi, pistoni na ringi zake.

Oili na hewa inayovuja

Injini ya mipigo miwili ya aina hii haina mahali pake pa kuhifadhia oili. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, kama wanavyofanya wenye misumeno ya kukatia miti, na wavuvi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki kwa injini za boti zao. Mchanganyiko huo ndio unaopita kwenye krenki na kulainisha kila kinachozunguka.

Maelekezo mengi yanayowekwa ndani ya kasha hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 16 za petroli wakati injini ikiwa mpya, kisha sehemu 1 kwa 20 baada ya hapo. Kwa lita moja ya petroli, vipimo hivyo ni mililita 62 na mililita 50. Oili inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za mipigo miwili, wala si oili ya gari.

Kosa la kukadiria kwa macho hugharimu. Oili ikiwa pungufu, pistoni husuguana na silinda, hupata joto, hutanuka na kukwama. Ikizidi mno, plagi huchafuka na ekzosi huziba kwa masizi.

Lakini ipo njia nyingine ya kuua injini ambayo wengi huitambua wakiwa wamechelewa. Gasketi iliyo kati ya kabureta na silinda huwa nyembamba, na nyuso za chuma inapokaa mara nyingi hazikusawazishwa vizuri. Hewa ikipenya hapo, au ikipita kwenye sili za krenki, injini huvuta hewa nyingi na mafuta kidogo. Na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, mafuta yakipungua ulainishaji nao hupungua. Hivyo injini hupata joto zaidi katika wakati uleule ambao imenyimwa kinga yake.

Dalili zake zinajulikana. Injini hupandisha mizunguko yenyewe bila kuguswa, hukawia kutulia baada ya mpandaji kuachia mafuta, na plagi ikifunguliwa huonekana nyeupe. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, mafuta yamezidi.

Hatari ya namna hiyo hujitokeza pia kwenye mteremko mrefu. Mpandaji huachia mafuta huku klachi ikiwa bado imeshika, gurudumu likaizungusha injini kwa kasi wakati kabureta inapitisha mafuta kidogo. Kuvuta klachi kwenye mteremko huiepusha injini na adhabu hiyo.

Mtikisiko na bolti

Krenki ya injini nafuu mara nyingi haikusawazishwa kwa uangalifu, na matokeo yake ni mtikisiko unaosikika mikononi na kwenye kiti. Mtikisiko huo hulegeza nati, na baada ya kulegea, chuma hugongana na chuma hadi kitu kivunjike.

Bolti zinazokuja na kasha huwa za chuma laini. Stadi zinazoshika ekzosi ni miongoni mwa zinazovunjika mapema, kwa sababu bomba la ekzosi ni refu na mara nyingi halikupewa mhimili mwingine. Stadi ikikatikia ndani ya silinda, kuitoa ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Stadi zinazoifunga injini kwenye fremu nazo hukabiliwa na tatizo hilohilo.

Ndiyo maana mafundi wazoefu hubadilisha bolti na stadi zote kabla ya kuiwasha injini kwa mara ya kwanza, wakitumia za chuma kigumu zenye nati za kujifunga. Bolti za silinda hedi hukazwa kwa mkingamo, kidogo kidogo, ili hedi ikae sawa juu ya gasketi. Baada ya safari za mwanzo zote hukaguliwa upya injini ikiwa imepoa.

Ndani ya injini, beringi ndogo ya juu ya konrodi, inayoishika pini ya pistoni, ni sehemu nyingine dhaifu. Ikichakaa, injini huanza kutoa mlio wa kugonga. Anayepuuza mlio huo huishia kununua silinda na pistoni, wakati beringi peke yake ingekuwa ya bei ndogo.

Umeme

Cheche hutengenezwa na koili ya sumaku iliyo pembeni mwa injini, ikisaidiwa na kasha dogo la elektroniki. Mfumo huu hauhitaji betri. Udhaifu wake ni waya mwembamba sana wa koili, ambao hukatika kwa mtikisiko au huharibiwa na maji yanayopenya kwenye kifuniko.

Nyaya mbili, ya bluu na nyeusi, ndizo zinazohitajika ili injini iwake. Waya wa tatu, mweupe, umewapotosha wengi. Wapo wanaouunganisha na taa, na kwa kufanya hivyo huichukulia cheche nguvu yake. Walio makini huufunika ncha yake na kuuacha, kisha hutumia taa zenye betri.

Baiskeli nayo huchoka

Injini ikifa, mpandaji hukanyaga pedali na kwenda nyumbani. Baiskeli ikivunjika katika mwendo, matokeo huwa mengine.

Sproketi ya nyuma katika vifaa hivi haifungwi kwenye habu. Hubanwa kwenye spoki za upande mmoja kwa vipande vya mpira na bolti 9. Spoki zilizoundwa kubeba nguvu za miguu hubebeshwa nguvu za injini, nazo hulegea na kukatika moja baada ya nyingine. Sproketi iliyokaa upande kidogo tu huifanya cheni ikaze na kulegea kila gurudumu linapozunguka.

Hatari kubwa zaidi ni kapi la kukaza cheni, linalobanwa kwenye bomba la nyuma la fremu. Kibano kikilegea, kapi huvutwa na cheni hadi kati ya spoki, na gurudumu hukwama ghafla. Mafundi wengi huliondoa kabisa kwa kukata cheni ipate urefu kamili, au hulifunga kwa bolti isiyoweza kuzunguka.

Breki pia zina ukomo. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo baiskeli inayokwenda kilomita 40 kwa saa hudai kazi ya breki mara nne ya ile inayokwenda kilomita 20. Aidha, fremu za kisasa za alumini zina mabomba manene ambayo vibano vya injini havikuundiwa. Wanaotoboa bomba ili kuishikiza injini huwa wamelidhoofisha mahali linapobeba mzigo.

Wazo la zamani

Wazo la kufunga injini kwenye baiskeli si jipya wala si baya. Mwaka 1946 nchini Japani, Soichiro Honda alianza kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizokuwa za jenereta za redio za jeshi. Mwaka 1952 kampuni yake ilitoa Cub F, injini ya baiskeli iliyouzwa kupitia maduka ya baiskeli, na mwaka 1958 ikatoa Super Cub, pikipiki yenye fremu yake yenyewe.

Nchini Ufaransa, VéloSoleX ilitengenezwa kuanzia mwaka 1946 hadi 1988 na kuuzwa kwa mamilioni. Hiyo ilitoka kiwandani ikiwa kamili, injini na fremu vikiwa vimepangwa pamoja, na mwendo wake ulikuwa mdogo.

Hapo ndipo makasha ya leo yanapotofautiana na watangulizi wao. Mengi huuzwa kwa majina yanayobadilika, bila mtengenezaji anayejulikana wa kudaiwa pindi kitu kikivunjika, na hufungwa kwenye baiskeli ambayo mtengenezaji huyo hakuwahi kuiona.

Sheria

Mnunuzi hulazimika pia kuitazama sheria ya mahali alipo. Nchini Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na majimbo mengi huweka ukomo wa cc 50 kwa vyombo vya kundi hili, hivyo injini ya cc 66 hutoka nje ya ukomo huo. Nchini Australia, jimbo la New South Wales lilipiga marufuku baiskeli za petroli barabarani kuanzia Oktoba 1, 2014.

Kabla ya kuwasha

Anayeamua kuendelea anashauriwa kuifungua injini kabla ya kuifunga kwenye baiskeli, kuiosha vumbi la chuma lililobaki kiwandani, kusawazisha nyuso za gasketi na kubadilisha bolti. Baada ya hapo aianze polepole, bila kuikaza, katika kilomita mia chache za mwanzo, na abebe spana, plagi ya akiba na kiungo cha cheni.

Gharama ya bolti, gasketi na sili bora ni ndogo ikilinganishwa na bei ya kasha zima. Lakini fedha za kwanza zinapaswa kwenda kwenye breki na gurudumu la nyuma, kwa kuwa injini iliyokufa huweza kununuliwa tena.