Boneti haikai sawa? Anza na chasisi

Simama mbele ya pikapu aina ya Ford F-100 ya miaka ya 1970, uiname kidogo, uutazame ule mstari unaotenganisha boneti na madigadi. Kushoto kidole kinapita. Kulia hata kadi ya benki inakwama. Huko nyuma, karibu na kioo cha mbele, kona moja ya boneti imeinuka kama kola ya shati ambalo halijapigwa pasi. Ukiuliza walio karibu, utaambiwa moja kati ya mawili: gari lilishagongwa, au boneti imepinda. Inawezekana. Lakini mara nyingi boneti yenyewe haina kosa. Inalipa madeni ya wengine, na madeni hayo yalianza kiwandani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1908 Cadillac tatu zilipelekwa kwenye uwanja wa mbio wa Brooklands, Uingereza. Zikafunguliwa zote, vipuri vikachanganywa, kisha mafundi wakaunda magari matatu kutoka kwenye lundo hilo moja na kuyaendesha maili 500, kama kilomita 800. Leo unaweza kusema, sasa ajabu iko wapi? Ajabu ni kwamba enzi hizo kipuri kilipigwa tupa hadi kikubali kukaa kwenye gari moja, na gari jingine kilikataa. Henry Leland wa Cadillac alitaka vipuri vinavyofanana kweli, na jaribio lile liliipa kampuni yake tuzo ya Dewar. Huko Sweden, Carl Edvard Johansson alikuwa ameshabuni vipande vya chuma vya kupimia, unavibandika pamoja unapata urefu unaoutaka kwa usahihi mkubwa mno. Mwaka 1923 akaenda kufanya kazi kwa Henry Ford. Miaka miwili baadaye Ford ikaanza kuuza Model T iliyotoka kiwandani ikiwa pikapu kamili, kwa dola 281.

Kwa hiyo ungetegemea kwamba pikapu ya miaka 50 baadaye ingekuwa na mianya iliyonyooka kama rula. Hapana. Usahihi ule ulikuwa wa pistoni na beringi, vyuma vigumu vinavyochongwa. Bati ni mnyama mwingine. Linakandamizwa kwenye kalibu, na ukilitoa linarudi nyuma kidogo, kama chapati unayoisukuma ikajivuta tena. Likichomelewa, joto nalo linalipinda. Kalibu zikichakaa, mabati ya mwisho hayafanani na ya kwanza.

Halafu makosa hayo yanapandana. Boneti imeshikwa na bawaba, bawaba zimefungwa kwenye kebini, kebini imekalia raba, raba zimekalia chasisi. Madigadi nayo yana njia yake: nyuma yamefungwa kwenye kebini, mbele kwenye fremu inayobeba rejeta, na fremu hiyo ina raba zake juu ya chasisi ileile. Chukua viungo vitano tu, kila kimoja kikiwa na ruhusa ya kukosea milimita 1. Siku mbaya, vyote vikikosea upande mmoja, umepotea kwa milimita 5. Siku ya kawaida mengine yanaenda kushoto na mengine kulia, na makadirio ya wanatakwimu ni mzizi wa pili wa 5, yaani milimita 2.2 hivi. Bado jicho linaona.

Wabunifu walilijua hili, na jibu lao ni la kiungwana sana kwa maoni yangu. Waliacha mwanya mpana makusudi. Wakatoboa matundu ya bolti makubwa kuliko bolti zenyewe ili bati liweze kusogezwa. Wakaruhusu vibati vyembamba vipachikwe katikati ya viungo. Kisha wakaweka watu mwishoni mwa mstari wa kuunganisha, wenye nyundo za mpira na vipande vya mbao, wasukume, wavute, wakaze. Kwa hiyo anayekuambia magari ya zamani yalikuwa sahihi kuliko ya leo, mwambie mstari ule ulinyooshwa kwa mikono ya mtu. Mashine zilianza kumpunguzia kazi mtu huyo baadaye sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na GM na Chrysler, walikuwa bado wanahangaika kushusha tofauti za bodi hadi chini ya milimita 2, na kosa mara nyingi walilikuta kwenye vishikizo vinavyolikamata bati wakati wa kuchomelea.

Ukiirekebisha pikapu hiyo leo, basi, unarudia kazi ya mtu yule wa mwisho wa mstari, ila yeye alikuwa na raba mpya. Zako zina miaka 50. Mimi nilishapoteza jioni nzima kulegeza na kukaza bawaba, boneti inanicheka tu, kumbe raba moja chini ya kebini ilikuwa imeoza na kebini yote imelalia upande mmoja. Ningepiga boneti nyundo, ningeharibu bati zima ili lifanane na kosa la mahali pengine.

Kwa hiyo anzia chini. Kagua raba za kebini na za fremu ya rejeta, badilisha zilizokufa. Kisha milango ikae sawa ndani ya kebini. Kisha madigadi yafuate milango. Boneti ndiyo ya mwisho. Kabla ya kulegeza bolti za bawaba, chora kwa penseli mahali bawaba ilipokaa, ili ukipotea ujue njia ya kurudi. Mwite mwenzako ashike upande wa pili, na ulegeze kiasi cha bati kusogea tu. Uwe mpole na washa: bolti mbili za bawaba zikiwa umbali wa sentimita 10, washa ya milimita 1 chini ya moja wapo inaweza kuisogeza pua ya boneti, mita 1 mbele, kwa milimita 10.

Kufuli la mbele liondoe kabisa wakati unapanga, maana lina tabia ya kuivuta boneti upande wake na kukudanganya kwamba umemaliza. Ukilirudisha, funga boneti polepole, si kwa kuibamiza. Halafu vuta kile kishikio cha kuifungulia na uhakikishe ndoano ya pili imeikamata boneti kabla haijainuka. Kama haijaikamata, usitoke na gari hilo barabarani, hata mianya iwe imenyooka namna gani.