Uzi wa Juu, Uzi wa Chini

Mwaka 1850, katika karakana ya Orson Phelps mjini Boston, Isaac Singer alikuwa akihangaika na mashine iliyokataa kushona. Alikuwa amekopa dola 40 kwa George Zieber, na siku ya 11 ya kazi ilikuwa inayoyoma. Wasaidizi walishachoka, wakaenda zao mmoja mmoja. Karibu na usiku wa manane Singer na Zieber nao wakakata tamaa, wakashika njia ya hotelini. Njiani wakaketi juu ya rundo la mbao. Hapo Zieber akasema kwamba vitanzi vya uzi vilikuwa vimelegea juu ya kitambaa. Singer akagutuka: walikuwa wamesahau kurekebisha mkazo wa uzi wa sindano. Wakarudi, wakaurekebisha, mashine ikapiga mishono mitano safi, kisha uzi ukakatika. Mitano ilitosha. Hataza ya Singer ilitolewa tarehe 12 Agosti 1851.

Kisa hiki alikisimulia Singer mwenyewe, naye alikuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya kuwa mvumbuzi, kwa hiyo chumvi yaweza kuwamo. Fundi wa leo akikisikia atauliza swali moja: ikiwa uzi wa sindano ndio uliokuwa haujakazwa, mbona vitanzi vilionekana juu? Kwa kawaida uzi wa juu ukilegea, uchafu huonekana chini ya kitambaa. Singer hakueleza. Zieber, aliyeona kasoro, hakufaidi sana: mwaka uleule wa hataza aliugua, akaaminishwa kwamba hatapona, akauza hisa zake kwa dola 6,000. Alipona.

Tatizo lenyewe la mkazo wa nyuzi lilikuwa bado changa wakati ule. Mfaransa Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza mwaka 1830, alishona kwa uzi mmoja uliojifunga kitanzi ndani ya kitanzi kama mnyororo. Mashine zake zipatazo 80 zilishona sare za jeshi mjini Paris mpaka washonaji wa mkono walipozivamia na kuzivunja kwa kuhofia mkate wao. Mshono huo ulikuwa na aibu yake, kwani ukikatika mahali pamoja huweza kufumuka wote. Hata hivyo haukuwa na uzi wa pili wa kuvutana nao.

Uzi wa pili aliuleta Walter Hunt wa New York, miaka ya mwanzo ya 1830. Sindano yake ilikuwa na tundu kwenye ncha. Ilishusha kitanzi chini ya kitambaa, na chombo kidogo kikapitisha uzi mwingine ndani yake. Hunt hakuomba hataza wakati ule. Inasimuliwa kwamba binti yake alihofia mashine itawanyima kazi wanawake washonaji. Elias Howe alifika kwenye wazo hilohilo kwa njia yake. Mwaka 1845 akaishindanisha mashine yake na washonaji watano huko Boston, ikawashinda kwa mishono kama 250 kwa dakika, na tarehe 10 Septemba 1846 akapewa hataza.

Tangu hapo kila mshono wa mashine ya aina hii ni suluhu baina ya nyuzi mbili. Uzi wa juu hubanwa kati ya visahani viwili vinavyosukumwa na springi. Wa chini hubanwa na kibati chembamba ubavuni mwa kikasha cha bobini. Zikivutana sawasawa, fundo huzama katikati ya unene wa kitambaa na halionekani upande wowote. Wa juu ukizidi nguvu, humvuta mwenzake, na vidoa vya uzi wa bobini hujitokeza juu. Ukilegea, chini hubaki uzi ulionyooka kama waya, na vitanzi vya uzi wa juu vimeuzunguka. Fundi wa barazani Kariakoo au Kongowea, mwenye cherehani ya Singer au Butterfly ya kukanyaga, anayajua haya bila kitabu. Hugeuza kitambaa, hutazama chini, hugusa kirungu cha visahani, akaendelea na gauni.

Lakini yeye ana bahati moja ambayo haisemwi sana: kitambaa chake kinaenda upande mmoja. Meno yaliyo chini ya mguu wa cherehani, yanayotokana na mfumo uliopewa hataza na Allen B. Wilson mwaka 1854, husogeza nguo kwa hatua zilizo sawa. Sindano hutoboa, hutoka, ndipo nguo husogea. Mkazo ukishapatana, hubaki umepatana mpaka abadilishe uzi au aina ya nguo.

Washona mifarishi wa Marekani ndio waliovunja makubaliano hayo. Mfarishi wao una matabaka matatu: juu kitambaa kilichoungwa kwa vipande, katikati pamba au nyuzi bandia, chini kitambaa kizima. Matabaka hayo hushikizwa kwa mishono inayochora maua, mawimbi na mizunguko. Cherehani za nyumbani zilitumika kwa kazi hiyo tangu miaka ya 1860, ila shingo yake ni fupi, na mfarishi wa kitanda cha watu wawili ukikunjwa ili upite hapo hugeuka kuwa mieleka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenneth Gammill wa West Plains, Missouri, alianza kuuza mashine za shingo ndefu zilizogeuza utaratibu: mfarishi ukatandazwa kwenye fremu, ukatulia, na kichwa cha mashine kikatembea juu yake kwa magurudumu na reli, kikiongozwa kwa mikono. Meno ya kusogeza kitambaa hayapo.

Hapo ndipo mkazo wa uzi ukawa ugonjwa wa kila siku. Mashine ikisukumwa huku sindano ingali ndani ya matabaka, sindano hupinda kidogo. Ikienda kushoto hupinda hivi, ikirudi nyuma hupinda vile, na ndoano inayozunguka chini, ambayo nayo asili yake ni kazi ya Wilson ya miaka ya 1850, hukikuta kitanzi kimekaribia mno au kimesogea mbali. Katika mstari ulionyooka kazi inapendeza. Kwenye kona ya jani, chini ya mfarishi, hutokea vitanzi vidogo vilivyolala upande mmoja kama kope. Anayeanza hukimbilia kirungu cha juu, akakaza, akakaza tena, hadi uzi unakatika. Mara nyingi kosa haliko hapo: mkono umekwenda kasi kwenye mpindo, au sindano ni nyembamba mno. Ndiyo maana mashine hizi zilipewa sindano zenye shina gumu zaidi kuliko za kawaida.

Bobini nayo ina visa vyake. Mashine ikisimama ghafla, bobini iliyokuwa inazunguka kwa kasi huendelea kidogo, ikamwaga uzi uliolegea ndani ya kikasha. Mshono unaofuata huutumia ulegevu huo, na chini hutokea fundo la ovyo. Dawa yake ni springi ndogo iliyowekwa ndani ya kikasha ili kuizuia bobini isipitilize. Ni kitu cha senti chache, na kimewaokoa watu wengi kuliko marekebisho yote ya visahani.

Heshima kwa mifarishi ya mashine ilichelewa kidogo kuja. Mwaka 1989, kwenye maonyesho ya American Quilter's Society mjini Paducah, Kentucky, tuzo ya juu ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi wake Corona II: Solar Eclipse, uliodariziwa kwa mashine. Kwa walioamini kwamba kazi halali ni ya mkono peke yake, lilikuwa pigo. Baada ya hapo hoja ya kwamba mashine haina sanaa ilidhoofika, na soko la mashine kubwa likapanuka.

Watengenezaji wakaleta vidhibiti vya mshono: vihisi kwenye magurudumu hupima mwendo wa mkono, na mota huharakisha au hupunguza sindano ili urefu wa mshono usibadilike. Hilo lilitibu sehemu kubwa ya kope za kwenye kona, si zote, kwa kuwa kidhibiti hakiinyooshi sindano iliyopinda. Mashine za karibuni zina skrini inayosoma mkazo wa uzi wa juu kwa tarakimu. Uzi wa chini kwa kawaida bado unatawaliwa na skrubu ndogo ya kikasha, igeuzwayo robo mzunguko au pungufu. Wengine hukipima kikasha kwa kifaa cha Kijapani kiitwacho Towa. Wengine hukining'iniza kwa ncha ya uzi na kukitikisa: kikiporomoka, kimelegea, kikiganda, kimekazwa mno. Na kabla ya yote hukifungua na kupitisha ukingo wa karatasi chini ya kibati, kwa sababu vumbi la pamba lililojibana hapo huinua kibati na kuulegeza uzi, hata kama skrubu haijaguswa.