Kutoka Ribe hadi Bungeni: Historia Fupi ya Kanisa la Methodist Kenya

Muumini wa Shelly Beach anayekwenda Jomvu siku hizi ana njia mbili: apande feri ya Likoni na kupita kisiwani hadi Changamwe, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Kwa vyovyote atafika kwenye kituo kimojawapo cha kale cha kanisa lake. Hata hivyo, mama wa vituo vyote ni Ribe.

Mwaka 1862 Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa amekwisha kumzika mkewe Rosina bara ya Mombasa, alirudi pwani na vijana wanne kwa niaba ya Wamethodisti wa Uingereza. Waswisi wawili hawakudumu. James Woolner aliugua akarejea kwao. Krapf mwenyewe, maradhi yakiwa yamemchosha, hakukaa sana. Akabaki Thomas Wakefield peke yake kati ya Waribe, na hakuikimbia kazi! Mwaka uliofuata alipata mwenzake, Charles New, yule aliyeifikia theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Mwaka 1873 Wakefield alifiwa na mkewe Rebecca huko huko Ribe, akaendelea na utume. Kila Mmethodisti wa Pwani ana deni la shukrani kwa nyumba ya Wakefield.

Kazi ilipanda hadi Golbanti, Mto Tana, ambako John na Annie Houghton waliuawa mwaka 1886. Mwaka 1912 ikafika Meru, nchi ya wakulima, na huko jembe na Biblia vilikwenda pamoja. Kaaga palikuja kuwa na kituo cha mafunzo ya kilimo.

Kwa kuwa kanisa halikutenganisha imani na maisha ya kila siku, haikushangaza mchungaji kutoka Meru alipoingia siasa. Lawi Imathiu alishika uongozi wa kanisa mwaka 1970, miaka mitatu baada ya kanisa kujitawala. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta alimteua kuwa mbunge. Baba Askofu alikuwa Mheshimiwa bila kuvua kola, na mwaka 1986, mkutano wa Wamethodisti wa dunia ulipofanyika Nairobi, alichaguliwa kuliongoza Baraza lao. Ni fahari kubwa kwa kanisa lililoanza na mtu mmoja Ribe.

Alistaafu mwaka 1996. Miongoni mwa waliomfuata ni Zablon Nthamburi, Stephen Kanyaru na Joseph Ntombura. Miaka ya karibuni haikukosa misukosuko. Chuo Kikuu cha Methodist, KeMU, kilianza Meru mwaka 1997, kikapata hati mwaka 2006, na kina tawi Mombasa, karibu na vijana wa Likoni.